Muvi Isiyokuwa na Mtafsiri

Soko Matola,
Mbeya.
9 Julai 2024

Mpendwa Kaka Halfani,

Assalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Muscat, wewe na wifi yangu Yasmini, na kwamba joto halijawamaliza. Sisi huku baridi ya Julai inatung'ata, asubuhi maji ya bomba hayashikiki. Watoto wana mafua, mimi mzima, na habari za Mama nitakueleza.

Utashangaa kuona karatasi wakati simu ipo. Nikikupigia, Mama anakuwa pembeni yangu, na ujumbe wa sauti nao ataudaka tu; wa maandishi huenda wifi akausoma kabla yako. Kwa hiyo nimempa Abdul, mtoto wa jirani yetu wa kibandani Mbalizi, anayesafiri kuja huko wiki hii, akufikishie mkononi.

Kwa baridi hii, kila Jumapili mchana tunajifungia sebuleni na mablanketi tunaangalia muvi. Tulianza na ya Kikorea, ya binti mfua nguo katika jumba la mfalme. Mimi ilinichosha, mtu anafua shuka moja nusu saa! Mama aliipenda mno. Ikafuata ya Kihindi, ya ndugu wawili waliopotezana sokoni. Hiyo nililia mpaka nikajionea aibu, halafu nikakasirika, maana yule mkubwa alikuwa na miaka yote ya kumtafuta mwenzake na hakumtafuta. Usinune, sikusemi wewe.

Zote zilikuwa za kutafsiriwa. Unawajua watafsiri wetu: mmoja anaigiza sauti za watu wote, jambazi la Kikorea analiita Saulo wa Kyela, na anakuambia hata kile unachokiona mwenyewe, kwamba huyu sasa anachomoa kisu, na mama mkwe kajificha nyuma ya mlango. Mimi makelele yale yananiudhi. Mama hataki muvi isiyokuwa nayo. Jumatatu akienda kibandani anawasimulia wateja wa vitenge muvi nzima, mpaka rangi ya farasi.

Jumapili moja nikaazima flashi kwa jirani yetu Leokadia. Ilikuwa na muvi ya wachimba madini waliofukiwa na udongo, haijatafsiriwa, maandishi tu yanapita chini. Nusu yake ni giza na watu wanapumua. Nilidhani itamgusa Mama, kwa kuwa marehemu Baba alichimba dhahabu Makongolosi. Kwa kweli ndiyo nzuri kuliko zote. Hakuna anayepiga kelele, wanagawana maji kwa kifuniko cha chupa, na mzee wao anajifanya keshakunywa. Nilikuwa nimebana pumzi, Mama akasema taratibu, "Batuli, umeme ukirudi utaniwashia."

Umeme ulikuwepo, Kaka. TV ilikuwa inawaka mbele yake.

Nilidhani ananitania. Nikamuuliza kitenge nilichovaa kina rangi gani, akaniambia nisimfanye mtoto mdogo. Alinuna mpaka magharibi, ndipo akakiri kwamba tangu Ramadhani ya mwaka jana haoni ila ukungu. Vitenge kibandani anavipanga kwa utaratibu aliouweka kichwani, na mteja akija anamwambia achague anachokipenda, kisha anasubiri mteja mwenyewe ataje rangi. Na sisi wa nyumbani alitufunga macho yule mtafsiri. Kila alichosema, Mama alikihadithia, nasi tukawa tunajisifu kwamba mama yetu anaona kuliko vijana. Nililia sana siku ile.

Nikampeleka kwa daktari wa macho. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na daktari anasema yanapasulika ila tusikawie. Mama akagoma. Anasema ukungu huo unamtosha kujua mlango ulipo, na haweki macho yake mikononi mwa mtu mwenye kisu. Nikambembeleza, nikamfokea, nikamleta Leokadia amweleze, maana mama yake alipasuliwa na sasa anachagua mchele bila miwani. Wapi!

Juzi Jumapili nikauliza tuangalie nini. Akasema nimwekee video ya harusi yenu ya huko Muscat, halafu nimtafsirie.

Nikakaa karibu yake nikaanza kama wale jamaa. Sasa bwana harusi anaingia, kanzu nyeupe, jasho linamtiririka, anajikaza haogopi. Mama akacheka. Sasa bibi harusi, nguo ya kijani, shela la dhahabu, ana kishimo shavuni. Akauliza kama kishimo kinaonekana hata asipocheka. Nikarudisha nyuma, nikaangalia vizuri, nikamwambia ndiyo.

"Siku ya harusi kwenye simu ya video nilimwambia, mwanangu nimekuona, umependeza," akasema. "Nilimdanganya mtoto wa watu, Batuli. Sikumwona."

Kisha akasema nimwambie daktari anakuja.

Anapasuliwa tarehe 31 mwezi huu, jicho la kulia kwanza. Mwombeeni sana. Daktari hakutuahidi kila kitu, na mimi naogopa, sikufichi.

Watoto wanakusalimu wewe na wifi. Shangazi Siwema wa Iringa naye anawasalimu, na anasema keki ya harusi hajaionja mpaka leo. Mungu awafunike kwa rehema zake, riziki yenu iwe ya halali na usingizi wenu uwe wa amani.

Neno la mwisho, Kaka. Mama ameniomba Yasmini asijue kwamba hakumwona, nami nakuambia wewe peke yako. Bandeji inafunguliwa Alhamisi, kesho yake baada ya kupasuliwa. Jioni hiyo piga simu ya video. Mwambie mkeo avae ile nguo ya kijani na shela lake, na usimwambie sababu. Mwambie tu mama mkwe anataka kumsifia.

Mdogo wako akupendaye hata ukichelewa kujibu,
Batuli