Vidole Vitatu Ndani ya Kopo

Kashikishi, Nchelenge, Zambia
14 Julai

Mpendwa mudogo wangu Yolande,

Natumaini barua hii itakukuta muzima huko Lubumbashi, wewe na bwana wako Michée na watoto, na kwamba salon yako inajaa wateja kama zamani. Na lile goti, limeacha kukusumbua? Huku baridi imetushika. Upepo wa ziwa unapasua midomo ya watu, lakini hatuumwi. Binti yetu Bénie anasoma vizuri, nami nazidi kunenepa bila sababu.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu nikiongea kwa simu napiga kelele mpaka kisiwani Kilwa, humu ziwani, wananisikia, na jambo hili muke wangu Florence hatakiwi kulisikia. Barua analeta Blanchard, mwenzangu wa biashara ya samaki, yule aliyeniletea koli lako, kile kifurushi cha dawa za ndevu. Nimeibandika vizuri. Ukikuta imefunguliwa, mutazame usoni, utajua.

Kwanza asante. Unajua ngozi yangu tangu ujana: wembe ukipita tu, kidevu chote vipele, kama kuku aliyenyonyolewa. Miaka yote nilikuwa naenda kwa Kabaso, kinyozi wa hapa sokoni. Akimaliza kuninyoa ananimwagia spiriti, machozi yananitoka, naye anasema, "Ikichoma njo inaponya, bwana mukwai!" Nami nalipa na kusema asante. Mimi ni mutu wa namna hiyo.

Koli lako lilipofika, nililishuku. Karatasi ilikuwa imepasuka. Blanchard anasema ililoa ndani ya boti, akaitoa ili vitu vya ndani visioze. Pomade inaoza? Hata hivyo nikafanya kama ulivyoeleza: kitambaa cha maji ya moto mpaka ndevu zilainike, matone machache ya mafuta ya ile chupa, sabuni kwa brashi, wembe mupya kufuata ndevu zinakolala, bila kukandamiza. Kisha maji baridi, kujikausha bila kusugua, na mwisho ile pomade ya kopo. Tena nilijaribu kwanza nyuma ya sikio, nikangoja hadi kesho yake. Usikasirike, lakini bado nakumbuka upupu ulionitilia ndani ya soksi.

Yolande, kidevu kilitulia! Kanisani mimi ndiye nasimama mulangoni kukaribisha wageni, na kwa mara ya kwanza niliinua uso wangu kama mutu mwenye uso.

Furaha haikukaa. Asubuhi moja pomade ikaniuma. Kesho yake ikaniuma zaidi, vipele vikarudi na ndugu zao, na Jumapili mutoto mumoja akaniona mulangoni akajificha ndani ya kitenge cha mama yake. Tena kopo likaanza kushuka. Mimi nachota kidogo, kama punje ya hindi, lakini pomade ilikuwa inakwisha kana kwamba mutu anaipakaza kwenye mukate.

Hapo nikamuondoa Blanchard kwenye mashaka yangu, maana mwanzoni dawa ilikuwa nzuri. Mwizi alikuwa ndani ya nyumba. Na ndani ya nyumba kulikuwa na Aubrey.

Aubrey ni mudogo wa Florence. Alikuja toka Chienge baada ya Pasaka kunisaidia kupakia samaki, na analala kwetu. Kijana mukimya, anaimba kwaya, anapenda kioo. Kidevu chake laini kama yai. Nikajiuliza: mutu anayebeba mabeseni ya samaki juani kila siku, ulaini huo anautoa wapi? Siku moja kanisani niliinama karibu naye, kana kwamba natafuta kitabu cha nyimbo, nikamunusa. Samaki tu. Nikasema moyoni, huyu ni mwizi hodari, anajiosha.

Niliamua kwamba Jumapili, tukisha kula, nimuambie arudi Chienge. Nilijua kule hana kazi, na mutumbwi wa baba yao ulikwisha kuvunjika. Nilijua, na bado niliamua. Vipele vinafanya mutu kuwa mubaya.

Lakini nilitaka ushahidi. Jumamosi nilimutuma Aubrey kisiwani kuleta samaki, arudi usiku, nikamuambia kesho nina neno naye. Jioni nikasawazisha pomade kwa mugongo wa kijiko, kama tunavyosawazisha ugali wetu wa bukari. Asubuhi nikafungua kopo: alama za vidole vitatu, wazi kabisa. Na Aubrey bado hajarudi!

Nilikaa kitandani nikitazama vile vidole. Sijui ni shetani gani aliniambia nionje. Nikaonja. Chumvi, mudogo wangu. Chumvi safi.

Nikawaza: nani tena anatilia chumvi dawa ya ndevu? Nikafikiria mpaka majirani. Nikafikiria mpaka wewe na soksi zako.

Saa sita Aubrey akafika, tukakaa kula. Florence akaleta maji ya kunawa, akapiga magoti, akanimiminia mikononi kama anavyofanya siku zote. Na siku zote mimi natazama sahani. Siku hiyo harufu ya pomade yako ikanipanda puani. Nikatazama mikono iliyoshika chombo. Yolande, ilikuwa imepasuka kila kidole, vingine mpaka nyama nyekundu inaonekana. Tangu mwezi wa tano yeye ndiye anatengeneza makayabo: anapasua samaki, anasugua chumvi, anageuza, baridi na upepo juu yake. Anaosha mikono, lakini chumvi inabaki ndani ya mipasuko, na kutoka pale inaingia ndani ya kopo langu, na kutoka kopo inakuja kwenye kidevu changu.

Nikamuuliza kwa jina lake la mama wa Bénie, "Bana Bénie, mikono imefanya nini?"

Akaificha ndani ya kitenge. "Bashi Bénie, kula, chakula kinapoa."

Naye Aubrey, masikini, akauliza, "Bamulamu, jana ulisema una neno na mimi?"

Neno lilikuwa pale pale kwenye ulimi. Nikalimeza na bukari. Nikasema, "Ndiyo, shemeji. Nilitaka unifundishe, wewe unanyoa na nini hata kidevu kinang'aa hivyo?"

Akainamisha kichwa. "Bamulamu, usinicheke. Ndevu bado hazijaota."

Florence alicheka mpaka maji yakamwagika. Mimi pia nilicheka, lakini kwa aibu.

Sasa ombi langu. Sikumuambia kwamba najua. Nikimuambia, ataacha kupaka. Namujua, atasema ni kitu cha wifi yake kwa kaka yake, yeye si mwizi. Basi tafadhali mutumie kopo lake, kubwa, jina lake liandikwe juu, na useme ni wazo lako mwenyewe. Na glavu za mpira, zile ngumu. Nilizitafuta hapa sokoni, nikapata za daktari tu, mwiba mumoja wa samaki na zimekwisha. Nami nimeanza kugeuza makayabo na Aubrey, ingawa Florence anasema mikono yangu inafaa kuhesabu tu.

Kopo langu nimemuachia. Ili aone silihitaji, nimeacha kunyoa. Lakini fanya haraka, nakuomba. Jana alinisimamisha mulangoni, akazishika ndevu, akazitazama na mvi zake, akaniuliza, "Na hizi unamufugia nani?" Tangu hapo ananinusa kila nikirudi kutoka sokoni.

Musalimie Michée, mama mukwe wako, na binamu yetu Léonie kama bado anakuja kwako Jumapili. Bénie anawabusu. Mungu ailinde mikono yako, maana na wewe unashinda ndani ya maji na sabuni. Ukisoma hapa, itazame.

Mimi kaka yako ninayekupenda, sasa mwenye ndevu,

Evariste