Swali la Mwangatini

Jumatatu, 4 Machi 1985

Asubuhi barua, mchana barua. Za karo. Za kuomba kazi ya polisi. Ya mama mmoja wa Matsangoni anayetaka Mheshimiwa amrudishe mumewe kutoka Mtwapa. Zote nimezijibu kwa taipu, maneno yaleyale: Mheshimiwa ameipokea barua yako na analishughulikia jambo lako. Vidole vinafanya kazi, mimi simo.

Mheshimiwa Bakari amepita saa nne kuchukua karatasi zake. Bunge linaanza tena. Tangu tumchague mwaka wa themanini na tatu anakaa viti vya nyuma, na huko nyuma amejipatia jina. Hana cheo, kwa hiyo anaweza kuuliza. Wenye vyeo hawaulizi, wanajibu. Alinieleza mwenyewe siku niliyoajiriwa hapa ofisini Malindi.

Mgongo unaniuma.

Jumatano, 6 Machi

Baba amekuja kutoka Mwangatini pamoja na jirani yake, Kazungu. Wameleta karatasi waliyopewa na chifu. Kampuni ya chumvi imepewa ardhi yote ya kijiji, kutoka ufuoni hadi barabarani. Waliomo wahame.

Baba hana hati. Mwangatini nzima hakuna mwenye hati. Sisi ni watu wa visiwa vya kaskazini. Wakati wa vita vya shifta kule mpakani wazee wangu walikimbia, mimi mgongoni mwa Mama, na ni babake Kazungu aliyetuonyesha mahali pa kulima. Minazi yote ya Baba ameipanda mwenyewe. Leo anaambiwa ahame mara ya pili.

Mheshimiwa aliwaingiza mbele ya watu wote waliokuwa wakingoja.

"Shikamoo, Mzee Shee."

"Marahaba, mwanangu."

"Hili nitaliuliza Bungeni. Waziri atasimama ajibu mbele ya nchi nzima. Akishajibu, limemfunga."

Kazungu akauliza, "Na akikataa kujibu?"

"Hawezi. Ndiyo sheria ya nyumba ile."

Nimemwamini. Naandika hapa ili nisije nikajidanganya baadaye kwamba sikumwamini.

Alhamisi, 7 Machi

Tumeliandika swali, yeye na mimi, kwa Kiingereza. Lina sehemu tatu. Je, Waziri anajua kwamba Mwangatini kuna wakulima walioishi hapo tangu kabla ya Uhuru? Watahamishiwa wapi? Je, atazuia wasiondolewe mpaka wapate mahali?

Mimi nilikuwa nimewaita "wakazi wasio na hati". Akalikata kwa kalamu, akaandika "wakulima".

"Wana minazi, Zuhura. Hao ni wakulima."

Nimepiga nakala tatu. Hakuna kosa hata moja.

Jumamosi, 16 Machi

Nimekwenda Mwangatini. Wapimaji wameshapita. Vigingi vyenye vichwa vyekundu kila mahali, kimoja kati ya jiko la Mama na kisima. Mama amekianikia kanga.

Baada ya swala ya adhuhuri watu walikusanyika kwa Kazungu, Waislamu na wasio Waislamu, na mimi nikawatafsiria swali. Wakataka nirudie. Nikarudia. Bibi mmoja akataka tena ile sehemu ya wakulima. Watu hawajawahi kusikia kijiji chao kikitajwa kwenye karatasi, isipokuwa ile ya kuwafukuza.

Jumanne, 2 Aprili

Barua imetoka Bungeni. Swali limekubaliwa. Litaulizwa Jumatano ijayo, tarehe kumi.

Nimempelekea Baba habari. Mjumbe amerudi na jibu: wameshatafuta betri mpya za redio.

Jumanne, 9 Aprili

Taarifa ya habari ya saa saba. Mabadiliko katika serikali. Majina yakasomwa, moja baada ya moja, kisha la Mheshimiwa Bakari. Waziri Msaidizi. Wizara ileile iliyopelekewa swali letu.

Ofisi ilijaa mara moja. Wanawake wakapiga vigelegele mpaka barabarani. Mwenyekiti wa chama akaja na soda. Katana, tarishi wetu, alinishika mikono akanizungusha. Nami nikacheka. Karibu saa nzima nilikuwa na furaha. Nasema kweli.

Halafu nikakumbuka. Wenye vyeo hawaulizi.

Nilikaa chooni mpaka watu wakaondoka.

Ijumaa, 12 Aprili

Juzi halikuulizwa. Nimepiga simu Nairobi. Namba ya swali ilipofika, Spika alisema mwenye swali sasa yumo serikalini, swali limeondolewa. Wakaenda kwenye la pili, la daraja la watu wengine.

Mwangatini walikaa kuizunguka redio mpaka kipindi cha Bunge kikaisha na taarabu ikaanza. Kazungu akasema labda ni kesho. Wakakaa na kesho yake pia.

Jumatatu, 22 Aprili

Mheshimiwa amerudi kwa mara ya kwanza tangu apate cheo. Gari la serikali, dereva wa serikali, suti ya kijivu katika joto hili. Mvua ilikuwa imenyesha, watu wamesimama matopeni wakimpungia.

Baba naye alikuja. Alingoja zamu yake kama mgeni. Mheshimiwa akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mzee Shee, usiwe na wasiwasi. Sasa niko ndani. Mambo haya husemwa ndani."

Baba akamtazama. "Ndani ya wapi, mwanangu?"

Hakuwa akimkejeli. Alitaka kujua. Mheshimiwa alicheka, akampigapiga bega, akaita mtu wa pili.

Nilimsindikiza Baba mpaka mlangoni. Hakuniuliza neno. Laiti angeuliza.

Alhamisi, 2 Mei

Ukutani nyuma yangu kuna orodha ya wabunge wote wa kipindi hiki. Leo nilichukua penseli nikawatia alama waliopewa vyeo. Waziri. Waziri Msaidizi. Mwenyekiti wa bodi hii, wa shirika lile. Waliokuwa na sauti kubwa mwaka wa themanini na tatu karibu wote sasa wana alama. Bunge zima ni la chama kimoja, kwa hiyo hakuna wa upande wa pili wa kumkimbilia. Kuna wale wa mbele wanaojibu na wale wa nyuma wanaongoja kuitwa mbele.

Amebaki mmoja wa bara ambaye bado anauliza. Wanasema aliitwa akakataa. Wengine wanasema hajaitwa kamwe.

Nimemtumia nakala ya tatu ya swali letu. Nimeipeleka posta kwa mkono wangu. Nikijulikana, nafukuzwa kazi. Sikumwambia mtu, hata Baba.

Naogopa.

Jumanne, 28 Mei

Ramadhani, kumi la kwanza. Nimepokea barua kutoka kwa yule mbunge wa bara. Mstari mmoja: nitaliuliza Jumatano, tarehe kumi na mbili Juni. Nimeisoma mara nyingi kisha nimeichana vipande.

Sikupeleka habari Mwangatini. Sitaki wakae tena mbele ya redio kwa ajili ya neno langu. Lakini najijua. Nimeanza kutumaini, na ninajionea haya.

Jumatano, 12 Juni

Tumefuturu, mwenye nyumba wangu Bi Rukia akaniruhusu niweke redio barazani.

Liliulizwa. Mtangazaji alilitaja jina la Mwangatini, akalitamka vibaya. Akasema aliyejibu kwa niaba ya serikali ni Waziri Msaidizi, Mheshimiwa Bakari. Nilidhani nimesikia vibaya. Bi Rukia akasema, "Si huyu bwana wako wa kazini?"

Jibu lilikuwa fupi. Wizara haina habari ya wakulima wowote Mwangatini. Waliopo ni wavamizi wachache, nao wamekwisha arifiwa. Yule wa bara akasimama tena, akauliza kama Waziri Msaidizi amewahi kufika huko kwa macho yake. Spika akasema muda wa maswali umekwisha.

Amefika. Amekula wali kwa Mama mara mbili wakati wa kampeni. Amelala kwenye mkeka wetu.

Bi Rukia aliniletea tende. Nikaziweka juu ya redio.

Jumatatu, 17 Juni

Amekuja ofisini peke yake, bila dereva. Akafunga mlango.

"Umelipeleka wewe?"

"Ni mimi."

Nilikuwa nimekwisha kutia vitu vyangu mkobani. Akaketi kiti cha wageni, kile chenye mguu mbovu. Amekonda au ni suti.

"Jibu nililetewa limeandikwa," akasema. "Kazi yangu ni kusimama na kusoma. Nilimsikia yule akisoma maneno yangu mwenyewe, na mimi nimeshika ile karatasi nyingine. Ungekuwa mimi ungefanya nini?"

"Ningenyamaza."

"Ukinyamaza kesho hukuti hata kiti. Na hawa watu wa karo na barua zao, nani atawasemea?"

Aliinama, uso mikononi. Mwanzo wa mwezi wa tatu ningemhurumia. Leo nilihesabu vifungo vya koti lake, nikingoja amalize.

Hakunifukuza. Alisema nirudishe vitu vyangu mezani, kuna barua nyingi. Hilo ndilo lililonivunja. Angenifukuza ningejua kwamba nimefanya jambo la kumtisha.

Jumanne, 9 Julai

Tingatinga mbili Mwangatini. Katana ndiye aliyekuja kuniambia. Nilimwachia ofisi nikaenda.

Walianza na minazi. Mnazi hauanguki haraka, unatetemeka kwanza juu. Baba alisimama mbali akiwa amevaa kanzu yake ya Ijumaa. Sijui kwa nini aliivaa. Labda alidhani kutakuja mtu wa kuzungumza naye. Hakuja mtu. Kulikuwa na madereva wawili na askari wa chifu, vijana, mmoja wao akiomba maji ya kunywa. Mama akampa.

Nyumba yetu ilichukua muda mfupi kuliko kuisimulia. Jiko lilibaki limesimama mpaka alasiri.

Kazungu alikuwa na hasira ya kutisha. Alinipigia kelele mbele ya watu wote. "Wewe ndiye uliyetusomea! Wakulima, wakulima! Tungekwenda zetu mwezi wa tatu tungewahi kupanda mahali pengine!"

Ni kweli. Mvua zote za masika walizimaliza wakisubiri swali. Sikujitetea. Baba ndiye aliyemwambia basi, Kazungu, mtoto alisoma alichoandikiwa. Lakini sikuandikiwa. Niliandika.

Jumapili, 14 Julai

Baba na Mama wamehamia chumbani kwangu hapa Shela ya Malindi. Kitanda wamekichukua wao, mimi niko sakafuni. Kazungu na watu wake wamekwenda bara, kwa ndugu wa mkewe. Hakuaga. Baba alikwenda kumtafuta kituoni akarudi peke yake.

Mama anatafuta mahali pa kuweka sufuria zake. Hakuna.

Jumatatu, 22 Julai

Bado niko kazini. Ningetaka kuandika kwamba nimeacha. Lakini sasa chumba kile kina watu watatu na mshahara mmoja, na huo ni wa Bunge. Yaani wa Mheshimiwa. Najichukia, ila si kwa kutosha.

Leo nilikuta katika barua ombi la watu wa Mwangatini, wametia vidole gumba kwa wino. Limeandikwa mwezi wa tano, limekaa wapi sijui. Nikalijibu. Mheshimiwa ameipokea barua yenu na analishughulikia jambo lenu. Kisha nikakosa pa kuipeleka. Sanduku la posta walilotumia ni la duka, na duka limekwenda na kijiji. Nimeitia kwenye faili.

Orodha ya wabunge nimeibandua ukutani. Katana akauliza kwa nini. Nikamwambia imepitwa na wakati. Akasema itabadilika uchaguzi ujao. Nikasema ndiyo. Hakuna haja ya kubishana na Katana.

Jumapili, 4 Agosti

Baba huamka alfajiri kama zamani. Akishaswali hana pa kwenda. Leo nilimkuta uani na ufagio wa Bi Rukia. Amefagia uani kote, na varanda, na njia mpaka kwa jirani. Bi Rukia alitoka akamwambia, "Mzee Shee, wacha, kuna msichana wa kufagia."

Baba akamwambia ahsante, mama. Akaendelea kufagia.