Soksi ya Mukono Haichuji Maziwa

Karuba, Alhamisi, 14 Mei. Ukungu na baridi.

Gentille, maharagi iko motoni, ongeza maji.

Ile nguo uliyochujia maziwa leo ni soksi yangu ya mukono. Tangu nikatwe ziwa sababu ya kansa, hiyo soksi njo inazuia mukono usivimbe. Ifue polepole, usiikamue, ianike kivulini. Yale maziwa mupe ndama.

~~Umenikasirisha.~~ Kosa ni langu. Niliivua na kuificha kwenye vyombo vya maziwa, kwa kuwa wamama wa kwaya waliniuliza wakicheka: “Mama Gentille, mukono mumoja tu njo unasikia baridi?”

Ninaenda kwaya nimevaa ile ya pili. Ulipokwenda kuchota maji, nimeomba kwa sauti, Papa yako na nyanya wakisikia: “Mungu wangu, sitaivua tena sababu ya kuchekwa.”

Mama yako