Makopo ya Mwenyekiti

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Ni mimi kitindamimba wako, nimekaa kwenye kile kigoda chako cha jikoni Jumapili hii baada ya chakula cha mchana. Mtoto amelala, na Mwenyekiti naye kalala juu ya miguu ya mtoto, kwa hiyo nyumba imetulia na nimepata nafasi ya kukuandikia. Sote wazima wa mwili. Goti lako vipi, bado linalalamika ukipanda ngazi? Dada amerudiwa na nguvu? Na kichanga chake, kifua kimelegea? Mwambie dada nambusu mwanawe kwa mbali, maana mimi nina manyoya ya paka mpaka kwenye nyusi.

Salamu zako nilizipata kwa simu ya shemeji. Alinieleza kuwa umewasimulia majirani wote wa huko jinsi binti yako mdogo, yule aliyeacha shule mapema, anavyomlisha paka wako chakula cha kopo cha paka wagonjwa, chakula ambacho hata wenye magari wanakishika na kukirudisha. Akasema ulivyokuwa unasimulia, ungedhani nimekuwa daktari. Nilicheka, mama. Halafu nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Acha nianze na paka mwenyewe, ndiye rahisi kusema. Siku ile ulipokwenda kumuuguza dada, uliniambia mtoto mwenye kifua hawezi kukaa nyumba moja na manyoya, ukanikabidhi Mwenyekiti kwa mikono miwili. Nilielewa unanikabidhi nini. Tangu baba atutoke, paka huyu ndiye aliyekalia kiti chake na hakuna aliyethubutu kumwondoa, ndipo akapata jina. Kwa hiyo alipoanza kukonda, akawa anakunywa maji kama aliyekula chumvi, nilihisi nimekalia kiti hicho mimi na kimevunjika.

Daktari wa mifugo alimpapasa, akampima, akasema ni figo, ugonjwa wa uzee. Alisema hauponi, lakini paka anaweza kuishi nao vizuri akila vya kufaa. Nilikueleza kwa simu. Ukasema utaomba kitu kwa dada unitumie. Mimi nikajibu haraka haraka kuwa usihangaike, nafanya kazi dukani, chakula kiko chini ya pua yangu. Wakati ule haukuwa uongo bado, mama. Yalikuwa majivuno tu. Nilitaka mara moja katika maisha yangu niwe mtoto ambaye haombi.

Kazi yangu unaijua, kufuta rafu na kupanga bidhaa. Makopo ya paka yako rafu ya chini kabisa, mpaka upige magoti. Mwanzoni nilichagua kwa picha. Nilinunua lile la bei ya chini lenye paka mnene anayecheka, nikasema huyu ana afya, bila shaka anakula vizuri. Mwenyekiti alikula, akatapika kwenye kiatu changu, akanitazama kama mimi ndiye niliyetapika.

Aliyenifundisha kuchagua ni mzee wa stoo. Nadhani nimewahi kukutajia, yule mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi na mdomo usiokaa kimya, ambaye amekaa duka lile kuliko bosi mwenyewe. Aliniona nimepiga magoti na makopo mawili mkononi, akaniuliza kama nasali au nanunua. Nilipomweleza habari za figo, alivuta kreti akakaa, akatoa kioo chake cha kukuzia maandishi, akanifundisha kopo moja baada ya jingine. Alisema picha ni ya kumdanganya mwenye pesa, maana paka hasomi picha. Nigeuze nyuma, kwenye maandishi madogo. Kitu kinachoandikwa kwanza ndicho kilichojaa humo ndani, kwa hiyo kama wameanza na nafaka, paka wangu atakuwa kuku. Nikwepe kitunguu na kitunguu saumu, ni sumu kwao. Chumvi iwe kidogo, majimaji yawe mengi. Na lipo neno refu linaloanza na f, fosforasi, mpaka leo nalitamka kwa kupumzika katikati, hilo nalo kwa mgonjwa wa figo liwe dogo. Akasema maneno ya mtu wa stoo hayatoshi, nimwoneshe daktari. Daktari alikubali, akanionesha lenyewe hasa, lenye karatasi ya zambarau.

Mama, nilisoma lile kopo lote bila kuulizwa na mtu. Mimi, niliyekuwa nasimamishwa mbele ya darasa nalia. Halafu nikatazama bei yake, nikalirudisha rafuni taratibu kama yai.

Sasa kuna utaratibu wetu pale dukani. Kopo likibanduka karatasi haliuzwi, maana hakuna mteja anayenunua asichokijua. Sisi tunayaita makopo uchi. Jumamosi jioni bosi anayamwaga kwenye beseni, kila mfanyakazi anachukua kwa bahati yake. Ni vicheko tu, watu wanayatikisa sikioni kama wanapiga simu. Makopo madogo ya paka hayagombewi, tangu siku ile dada wa kaunta alipofungua moja akidhani ni samaki, akalila na mkate, akalisifia, mpaka mzee wa stoo alipomuuliza kama ameshaanza kukamata panya. Kwa hiyo yakitokea madogo, wananisukumia mimi. Wanasema, haya, Mama Paka, mpelekee Mwenyekiti posho, sisi wanyonge tubaki na maharage.

Na yakaanza kutokea. Wiki moja yalikuwa sita, yana unyevu, karatasi hamna. Wiki iliyofuata manane. Rafu yao ya akiba iko stoo, chini, karibu na bomba ambalo mzee alikuwa akijazia ndoo ya kupigia deki kila jioni. Bosi akasema maji yanafika kwenye makopo, mzee awe anafunga bomba. Mzee akajibu kuwa amefunga. Mara ya pili akaapa amefunga, akaongeza kwa utani, labda makopo yanasikia joto yanavua nguo. Mara ya tatu bosi alimwita mbele yetu, akamwonesha bomba linatiririka uzi mwembamba. Mzee alilitazama lile bomba kama mtu aliyeitwa kwa jina la mtu mwingine. Hakutania.

Baada ya hapo alibadilika. Alikuwa anafunga bomba, anatoka, anarudi kulishika. Akifika mlangoni anarudi tena. Vitu vidogo vikaanza kumpotea kweli, kalamu, ufunguo, maana mtu anayejichunguza kila dakika hawezi kushika jambo. Mwisho ni yeye mwenyewe aliyemwendea bosi akasema kichwa kimekuwa kapu bovu, bora aondoke kabla hajaliunguza duka. Bosi hakumfukuza, mama, alimpa kiti na soda, akamshukuru. Siku ya kuaga mzee alinipa kile kioo chake. Aliwaambia wenzangu kuwa mimi ndiye mwanafunzi pekee aliyewahi kumpata, na kwamba atakayenicheka ajue nasoma fosforasi.

Mama, bomba halikufika kwenye makopo. Ni mimi.

Nilikuwa naingia stoo na kitambaa changu cha kufutia, nimekilowesha maji ya moto, nakizungushia kopo la zambarau mpaka gundi inalainika, halafu navuta karatasi. Inatoka nzima kama ganda. Karatasi naificha kwenye mfuko wa nepi za mtoto, kopo nalirudisha pale chini likiwa na maji maji. Jumamosi linanirudia kwa mkono wa bosi mwenyewe. Sikuliita wizi. Nilijiambia nachukua kile ambacho kingetupwa, ila mimi ndiye niliyekuwa nakifanya kiwe cha kutupwa.

Ningekuwa nimeishia hapo, labda barua hii ingekuwa fupi. Lakini mara ya pili, mzee alipoapa kuwa alifunga bomba, nilimwona bosi anaanza kumwamini. Alisimama anazitazama rafu, anafikiri. Nikaogopa. Jioni iliyofuata mzee alipokwenda kuvua koti lake la kazi, niliingia stoo nikalilegeza bomba kidogo tu, robo ya mzunguko. Huo ndio ule uzi wa maji aliooneshwa mbele yetu.

Na siku ile ile alinifuata kwenye rafu, akaniuliza kwa sauti ya chini kama mtoto, binti yangu, wewe hukuniona nikilifunga? Nilikuwa nimemwona. Alilifunga na akalipiga kofi dogo kama anavyofanya siku zote. Nikamjibu sikuangalia, mzee.

Nilidhani nitazoea. Mtu huzoea. Lakini juzi mkewe alikuja dukani kuchukua kikombe chake kilichosahaulika. Akanieleza, kwa vile anajua mzee ananipenda, kuwa sasa haendi hata kibarazani bila kurudi kushika jiko. Usingizi hamna. Akasema mzee kajitafutia dawa yake, akifunga kitu anajiandikia kiganjani kwa kalamu, nimefunga, ili akitilia shaka ajisome. Mama wa watu alisema hivyo huku anacheka, kicheko kile cha kuzuia kilio, na mimi nimesimama na kitambaa kile kile mkononi.

Jana sikuchukua kopo kwenye beseni. Dada wa kaunta aliuliza kama Mwenyekiti amefunga. Leo asubuhi nilimbeba mtoto mgongoni nikaenda kwa mzee. Nilichukua kile kioo na daftari. Nilisahau kukuambia, zile karatasi za zambarau sikuzitupa, nilizibandika kwenye daftari nijifunze maneno. Arobaini na moja. Nilimkuta mezani, mkewe anachambua mchele, nikakataa kiti nikasema yote nimesimama, na la bomba, na la sikuangalia. Nililisema hilo la mwisho mara mbili.

Mama, nilitaka anitukane. Hakunitukana, wala hakunisamehe, usije ukadhani. Alifungua daftari, akaligeuza ukurasa mmoja mmoja. Akaniuliza kama nina hakika nilimwona akilifunga siku ile. Nikasema nina hakika, na ulilipiga kofi, mzee. Akaniuliza tena, nikasema tena. Mkewe akaacha mchele. Mzee akainuka, akaenda kwenye sinki, akachukua sabuni akaanza kuosha kiganja chake. Aliosha muda mrefu, wino ule ulikuwa umeingia kwenye mistari. Kisha akafunga bomba, mara moja tu, akalipiga kofi, akalipa mgongo akarudi kukaa. Hakugeuka kulitazama.

Ndipo akaniambia niondoke, na nisirudi kwake kabla sijamwambia bosi maneno yale yale, kwa mpangilio ule ule. Kioo kilibaki mezani. Hakukichukua, na hakunirudishia. Nilipofika mlangoni nikamsikia anamwambia mkewe, sauti yake ya zamani kabisa, kwamba kumbe makopo yalikuwa yanavuliwa nguo na mtoto wa mtu.

Kesho asubuhi nakwenda na daftari kwa bosi. Barua hii nitaitia posta kwanza, nikiwa njiani, ili nisipate pa kurudia. Sijui kama nitabaki na kazi. Nikikosa, nitafua nguo za watu, mikono ninayo. Nimekwisha kuzungumza na daktari kuhusu chakula cha Mwenyekiti. Amesema nisikisie vya kupika mwenyewe, nimfuate anielekeze, na yapo makopo mengine ya figo yenye bei ya chini kidogo yanayoweza kumfaa. Nitayasoma kwa macho yangu mbele yake.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba paka mwenyewe ananawiri. Manyoya yanang'aa, anaruka mpaka kwenye kiti cha baba bila kusaidiwa. Nikimtazama nafurahi, halafu namwona mzee amesimama mbele ya bomba. Usimchukie Mwenyekiti, hajui alichokula kimetoka wapi.

Mama, kile ulichosema utaomba kwa dada unitumie, naomba uombe. Nimechelewa kulisema, lakini nalisema. Na kama umekasirika, kasirika, ila nijibu kwa mkono wako, usimtume shemeji, maana yeye ataipunguza hasira yako njiani na mimi nataka yote.

Nisalimie dada, nisalimie shemeji, mpakate kichanga kwa niaba yangu. Mjukuu wako ameanza kuita paka kwa jina lake lote, anasema Mweketi. Ameamka sasa, analitaja. Na wale majirani, usiwaambie chochote kwanza. Wakiuliza habari zangu, sema bado najifunza kusoma.

Ni mimi mwanao anayekupenda,
Kitindamimba wako.