Siku Nilipofuta Jina Langu

Mjukuu wangu Elibariki,

Marahaba. Bibi yako mzima, kahawa imechanua, na mimi bado mtanashati kukuzidi wewe.

Unauliza kama uache kucheza mpira wa fimbo huko Ireland uwe kocha wa timu yenu. Sikia. Mimi, mfungaji hatari wa timu ya soka ya Kikatiti, siku yangu ya kwanza ya ukocha niliandika kikosi cha kucheza na Ngaramtoni. Golikipa akahesabu, akacheka.

"Kocha, hapa tuko kumi na wawili. Nani anatoka?"

Nilikuwa nimejiandika mwenyewe kwa mazoea. Niliogopa nikitoka sitakuwa mtu tena. Nikafuta jina langu.

Kijana aliyevaa jezi yangu akafunga bao ambalo mimi nisingeliweza. Nikajisikia mwepesi, kama nimetuliwa gunia la kahawa. Ila bibi yako usimwambie kuwa niliogopa.

Babu yako