Kulala kwa Mkwe Huko Positano

Makao ya Wafanyakazi, Chumba cha 12,
Al Wukair,
Doha, Qatar.

19 Agosti 2014

Mpendwa Wifi Peninah,

Pokea salamu kutoka huku kwenye jua lisilo na huruma. Mimi ni mzima, na natumai barua hii itawakuta nyote hapo Chavakali mkiwa salama. Goti lako linaendeleaje? Carolyne wako aliniambia umeacha dawa za hospitali ukarudi kuchuliwa na yule mama wa sokoni. Nilicheka, maana najua anakuchua huku mkisengenya nusu ya kijiji, na pengine hiyo ndiyo dawa yenyewe. Je, ng'ombe amezaa? Na mahindi yameiva?

Huku joto limefika pale ambapo bomba la maji baridi linaunguza. Tangu mwezi wa sita tumezima hita, na tunaoga maji ya tangi la hita kwa sababu yamekaa ndani ya nyumba yakapoa. Ukisimulia hayo nyumbani watu watasema umeanza kurukwa na akili, lakini ndivyo tunavyoishi.

Kazi inaendelea. Hoteli yetu ya West Bay imeniongezea orofa moja, sasa nasimamia tatu, zenye vyumba sitini na wasichana tisa. Kati yao ni mmoja tu anayejua kukunja kona ya shuka bila kusimamiwa. Miaka minane nimetandika vitanda vya watu, Wifi, na sijawahi kulala kwenye hata kimoja.

Barua hii anakuletea Arnold, yule dereva anayetoka Hamisi, ambaye anaenda likizo Alhamisi. Ningekupigia simu, lakini tunajuana. Ukisikia neno usilolipenda, mtandao wa Chavakali hupotea ghafla. Karatasi huwezi kuikata, na hata ukiichana, Carolyne ataokota vipande akusomee. Kwa hiyo keti vizuri.

Unajua Velma alijifungua salama mwezi uliopita, mtoto wa kike, kilo tatu na nusu. Sasa ameniita niende kwake Positano mwezi wa kumi, siku kumi, kabla sijaja nyumbani kumalizia likizo. Huyu ndiye mjukuu wangu wa kwanza nami nataka kumshika. Nasema wazi ili usihangaike kutafuta maana nyingine humu ndani.

Positano ni mji wa pwani huko Italia, na watu hutoka dunia nzima kwenda kuutazama. Nyumba zimepandana mlimani kama vikombe kwenye kabati la Mama Mchungaji, rangi ya waridi, ya manjano, nyeupe, na chini kabisa ndipo bahari ilipo. Kutoka barabarani hadi kwa Velma ni ngazi mia mbili na kumi na nne. Alizihesabu akiwa na mimba ya miezi minane, kwa hiyo naziamini. Mgeni mmoja Mwitaliano hapa hotelini aliniambia nisidanganyike kwa picha: kuna watu wengi mno, na kikombe cha kahawa kinauzwa bei ya kuku. Nilimjibu kwamba binti yangu anaishi huko huko. Alinitazama, akatazama fagio langu, kisha akaniuliza jina langu kwa heshima. Nilijivuna mpaka saa za kutoka kazini.

Lakini najua unachosema sasa hivi, na najua umeshaivua miwani. Mama mkwe hawezi kulala nyumbani kwa mkwe wake. Tena mkwe mwenyewe hatujakutanishwa rasmi. Alipokuja na mama yake kuzungumza na wazee mwaka wa 2012, mimi nilikuwa huku nimenyimwa ruhusa, maana Desemba hoteli hujaa. Mpaka leo sijawahi kumpa mkono Gennaro.

Usidhani nimesahau adabu, Wifi. Hata kwenye Skype nimejitahidi. Akitokea kumsalimu mama mkwe wake, mimi hujifunika leso na kugeuka upande, natazama ukuta wa Jebet, mwenzangu wa chumba, wenye kalenda, nasalimu kalenda. Nimefanya hivyo mwaka mzima. Masikini kijana wa watu akaamini kamera yangu imepinda. Mwezi wa nne nikapokea kifurushi kutoka Italia, ndani kuna kamera mpya kabisa na karatasi ya maelezo ameiandika kwa mkono wake. Niliona aibu, nikacheka, nikaiweka kwenye kompyuta, na nikaendelea kutazama kalenda.

Sasa, Velma na mumewe wanafanya kazi kwenye nyumba ya wageni, vyumba kumi na kimoja, Gennaro ndiye mpishi. Wenyewe wanaishi humo humo, orofa ya chini. Niende nilale wapi? Hoteli nyingine za mji huo ni za matajiri.

Nililipeleka swali hili kwa wenzangu Ijumaa moja baada ya kanisa, maana huku tunasali Ijumaa. Kawira wa Meru, ambaye hana mtoto wala mkwe, hakunipa hata nafasi ya kumaliza. "Mathe, wewe enda! Mimi ningekuwa nimeshapanda ndege jana." Jebet alifikiri kidogo, akasema hata kwao Kapsabet mambo hayo yapo, lakini Italia si boma. Hapo Reuben akaingilia. Reuben ni mkuu wa walinzi hapa hotelini, mtu wa Sabatia, mzee wa kanisa letu, na sauti yake unaijua bila kuisikia. "Mama Velma, boma ni boma, hata likiwa na lifti. Mila haiombi viza." Alisema vizuri, sikatai.

Usiku huo nikapata ujanja wangu mwenyewe, na hapa ndipo nilipoharibu. Kazi yangu imenifundisha kwamba chumba cha hoteli ni cha mwenye ufunguo. Hata mwenye hoteli hubisha hodi. Basi nikamwambia Velma aniandikie chumba kama mtalii yeyote, nilipie kwa kadi yangu, nipewe risiti yenye jina langu. Hivyo sitakuwa nimelala kwa mkwe, nitakuwa mgeni wa kulipa. Nilijiona nina akili kuliko Reuben na wazee wote wa Sabatia.

Kumbe na wao wana mila zao! Gennaro aliposikia mama wa mkewe anataka kulipia kitanda, aliacha sufuria motoni akatoka nje. Mama yake, Bi Assunta, alilia. Alimuuliza Velma ni kosa gani walilonitendea hata niwaone kama watu wa duka. Velma naye akanikasirikia, akasema, "Mama, umenitia aibu kwa watu wangu." Watu wangu! Neno hilo lilinichoma, ingawa nilijua ni haki yake kulisema. Siku nane hakupiga simu wala hakutuma picha ya mtoto. Wifi, siku hizo nilikuwa nikitandika vitanda kama mtu anayetandika kaburi. Niliogopa kwamba nitakuwa nyanya wa picha tu, tena picha za zamani.

Siku ya tisa Skype ikalia. Nikajifunika leso yangu, nikageukia kalenda. Lakini hakuwa Gennaro. Alikuwa Bi Assunta, mwanamke mfupi mnene wa umri wangu, aproni kifuani, mikono yote miwili ikizungumza. Velma akawa anatafsiri, nami sikuwa na sababu ya kumkwepa mama mwenzangu, nikageuka tukatazamana. Alisema Velma amemweleza kila kitu, na kwamba hata bibi yake mzaa mama hakuwahi kula meza moja na mkwe wake mpaka alipokufa, lakini hao hawakupendana tu. Kisha akaniuliza swali. "Nani alikwambia nyumba hii ni ya Gennaro? Nyumba ni yangu, niliachiwa na baba yangu. Gennaro ni mpishi wangu, na sufuria zenyewe ni zangu."

Akaendelea bila kuvuta pumzi. Mimi nitakuwa mgeni wake yeye, mama kwa mama. Nitapewa chumba cha juu kinachotazama bahari. Gennaro atahamia kwa mjomba wake siku zote kumi, atakuja jikoni kupika na kuondoka, na chakula nitakula na yeye Assunta upande wa pili wa ukuta. Nikasikia sauti ya kiume nyuma ikilalamika kidogo. Bi Assunta hakugeuka hata shingo. Nilimpenda hapo hapo, Wifi. Alinikumbusha mtu fulani wa Chavakali ambaye naye hageuki.

Nilimpelekea Reuben habari hizo. Alikuna kidevu, kisha akasema mradi mkwe halali humo, yeye hana la kuongeza, ila neno la mwisho ni la shangazi wa msichana. Ndiyo maana nakuandikia wewe.

Nilianza barua hii Ijumaa nikiwa na nia ya kukuomba ruhusa. Leo ni Jumanne, nimeisoma tangu juu, na nimebadilika. Ng'ombe wa mahari ya Velma walipoingia bomani kwenu, mimi nilikuwa orofa ya kumi na saba nikibadilisha mito. Shemeji Maurice aliweka simu karibu na zizi nikawasikia wakilia. Ndugu yako Herbert, mume wangu, alipotutoka, kibali changu cha kutoka nchini kilikaa kwenye meza ya mtu mpaka mkamzika, na nilipofika udongo ulikuwa umekauka. Mke wa kwetu hakosi mambo kama hayo. Lakini hakuna aliyeitisha kikao. Mlisema ni kazi, tutafanyaje, na wewe mwenyewe ndiye uliyenishika mkono kaburini. Sijasahau na sitasahau. Ila kama mila ilinivumilia kwa yote niliyoyakosa, basi na inivumilie kwa hili moja la kupata.

Nimeshapeleka karatasi za viza. Naenda, Wifi. Siombi tena ruhusa, naomba baraka zako, na nakuomba ukinuna usinune zaidi ya wiki moja. Mwakani Gennaro amekubali kuja tukutanishwe rasmi mbele ya wazee, na Bi Assunta anataka kuja naye tena. Andaa kuku wawili na uvumilivu mwingi.

Nisalimie Maurice na mkewe, Carolyne, Benard anayetusagia unga kwenye posho mill na mama wa sokoni mwenye mikono ya dawa. Arnold ana leso zako na majani ya chai ya zafarani. Asikwambie moja ilipotea njiani, nilimpa leso mbili.

Sasa lililobaki. Nimeliweka mwisho makusudi, ungelisoma kwanza usingesoma mengine. Mtoto amepata jina. Velma anasema alilia majuma mawili mfululizo, usiku na mchana, wakamtajia majina ya marehemu wa kwao na wa kwetu ili achague lake, la mama yangu pia, naye akazidi kulia. Jumapili wakamtajia Kageha, akanyamaza, akalala. Gennaro sasa anaamini mambo haya kuliko wazee wote wa Chavakali.

Ndiyo, Wifi. Ni mama yako anayeningoja huko Positano. Tarehe nne Oktoba nitambeba mikononi mwangu. Niambie nimwambie nini kutoka kwako.

Mungu akuweke, akupe usingizi mwema na miguu ya kutembea.

Ni mimi wifi yako akupendaye hata ukiwa umenuna,

Loice (Mama Velma)