Kona Nisikosikia Kitu

Jumamosi, Waithaka, pembeni mwa jiji. Manyunyu tangu asubuhi.

Niseme ukweli hapa, maana kwingine kote nimeukwepa.

Tasnifu yangu ya hisabati ni ya mawimbi. Ukiweka kihisi, kifaa cha kupima mtikisiko, sehemu moja tu ya ukuta, milinganyo inaweza kukuambia kilichotokea upande wa pili usiouona. Ila kuna sehemu mfu, ambapo mawimbi yanapita na kihisi hakitikisiki hata kidogo. Jana huko chuoni, katikati ya jiji, msimamizi wangu alitazama matokeo yangu akacheka. "Umeandika hakuna kitu. Kitu iko! Ni vile sensor umeweka mahali mbaya."

Nilirudi nyumbani na aibu. Huu ni mwezi wa tatu tangu nihamishie kitanda kwenye kona ya mbali, kando ya choo, kwa sababu hapo ndipo simsikii jirani yangu, Baba Tasha, akimpiga mkewe. Niliitafuta kona hiyo kwa sikio, hatua baada ya hatua, vile vile ninavyofanya kazini.

Leo asubuhi nilikirudisha kitanda kwenye ukuta wao.

Saa nne hiyo hiyo asubuhi Baba Tasha akaanza. Makofi kwanza, halafu kiti kikavunjika. Halafu kichwa cha Mama Tasha kikagonga ukuta, nikakisikia hadi kwenye meno yangu. Kikagonga tena. Mara ya tatu hakulia, na ukimya huo ndio ulioniinua.

Nilitoka koridoni nikapiga nduru mpaka sauti ikakauka. Wanaume wa ploti, wapangaji wenzetu, wakavunja mlango, wakamburuta Baba Tasha hadi kwenye matope ya uani, wakamtandika ngumi na mateke mpaka meno mawili yakamtoka. Sikuwazuia. Nilifurahi. Nami nikampiga teke la mbavu, na nilitaka livunje kitu.

Mama Tasha ameshonwa kichwa, amelala kitandani kwangu. Jicho moja limefura halifunguki. Alinitazama kwa lile lingine.

"Na hizo siku zingine, ulikuwa unaskia?"

Ningeweza kumwambia habari za kona. Hapo kweli sikuwa nasikia kitu.

"Nilikuwa najua," nikasema.

Akageukia ukuta. Hajanigeukia hadi sasa.